Nani Kasema China Imeendelea kwa Kubomoa?

Kuna maneno ambayo yamekuwa kama kiitikio katika mazungumzo yetu hapa Guangzhou. Utayasikia Xiaobei kwenye sahani ya biriani, utayasikia kwenye maghala tunakofungia kontena, na siku hizi utayasikia hata kwa waheshimiwa wanaokuja na ujumbe kutoka nyumbani. Wanasema: "Wachina wamefika hapa kwa sababu hawakuona haya kubomoa. Sisi tumeng'ang'ania magofu." Kisha wanapigwa picha na Mnara wa Canton nyuma yao, ule wa mita 600 uliofunguliwa mwaka 2010, na kupanda ndege kurudi kwenda kubomoa.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Nilisomea kazi hii nje ya nchi, nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na nimesimamia majengo marefu kuliko msikiti wowote wa kwetu. Sina wivu na zege wala kioo; ndivyo vinavyonilisha. Lakini maneno hayo si kweli, na kwa kuwa yanasemwa na watu wenye mamlaka ya kutia saini, ni vyema yajibiwe kabla hayajatugharimu zaidi.

Tuanze hapa hapa tunapoishi. Wangapi kati yetu wanajua maana ya Xiaobei? Ni Kaskazini Ndogo. Mji wa kale wa Guangzhou ulikuwa na ukuta, na upande wa kaskazini ukuta huo ulikuwa na Lango Kubwa na Lango Dogo. Lango Dogo la Kaskazini halipo tena, limebaki jina, na chini ya jina hilo ndipo Mwafrika amefungua duka, mgahawa na ofisi ya kusafirisha mizigo. Ukishuka kusini hadi Yide Lu kununua midoli na mapambo ya harusi, unakokota mzigo wako juu ya msingi wa ukuta huo huo, kwa maana barabara hiyo, pamoja na Taikang Lu na Wanfu Lu, ilitandikwa mahali ukuta wa kusini ulipobomolewa. Upande wa mashariki ni Yuexiu Lu, tangu kaskazini mpaka kusini. Kwa hiyo msinifikirie kuwa nakuja kukana kwamba Wachina walibomoa. Walibomoa sana. Ofisi ya manispaa iliundwa mwaka 1918, na kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuangusha ukuta ili kupata barabara za magari. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1920 kazi ilikuwa karibu imekwisha.

Karibu, nimesema. Toka Xiaobei kwa miguu, bila kuita teksi, ingia bustani ya Yuexiu, panda kilima. Utakuta kipande cha ukuta kimebaki, mizizi ya miti imekikumbatia, na juu yake limesimama jengo jekundu la ghorofa tano lenye mapaa ya vigae vya kijani. Hilo ndilo Zhenhai. Watu wa mji wanaliita tu Jengo la Ghorofa Tano. Lilijengwa mwaka 1380, mwanzoni mwa utawala wa Ming, na kamanda aliyeitwa Zhu Liangzu, alipounganisha miji mitatu ya zamani kuwa mmoja na kuupandisha ukuta wa kaskazini mpaka juu ya kilima. Lilikuwa jicho la mji. (Mwenyewe hakulifaidi: mwaka huo huo mfalme alimwita na kumchapa viboko hadi kufa kwa sababu ya kumsingizia hakimu mmoja mwadilifu. Siku hizo wakandarasi na viongozi waliogopa kidogo.)

Jina Zhenhai maana yake ni kuituliza bahari, au tuseme kuitia adabu. Waliogopa maharamia, na wakati huo mfalme alikuwa amewapiga marufuku raia wake kufanya biashara ya baharini. Miaka ishirini na mitano baadaye mfalme mwingine wa ukoo huo huo alituma merikebu za Zheng He, ambazo katika safari za baadaye zilifika Mogadishu, Malindi na Mombasa, na mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya mfalme. Wapo wenzetu wanaowaambia wageni kwamba merikebu hizo ziliagwa kutoka juu ya jengo hili. Si kweli, zilianzia upande wa Nanjing. Tuna habari za kutosha zilizo za kweli, hatuna haja ya kutunga.

Sasa, ukimfikisha mtu wetu pale juu, neno la kwanza atakalosema ni hili: "Lakini mhandisi, hili si bandia? Mbona ndani ni zege?"

Ni zege kweli. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize, kwa sababu hoja ya "ni bandia" na hoja ya "tubomoe" ni ndugu wa tumbo moja. Anayeamini kwamba kitu cha kale ni kile tu ambacho hakijaguswa na mkono wa fundi, huyo ataliacha jengo bila kuligusa mpaka lianguke, na likishaanguka atasema limekwisha, tujenge lingine. Jengo la Zhenhai linahesabiwa kuwa limeharibika mara tano na kujengwa mara tano. Liliungua, likainuliwa tena katikati ya karne ya 16. Likaharibiwa katika vita vya kuingia watawala wa Qing, likainuliwa. Likainuliwa tena miaka ya 1680. Waingereza na Wafaransa waliuteka mji huu Desemba 1857 kwa kupitia vilima hivyo hivyo vya kaskazini, wakakaa hadi 1861, na ipo picha ya Felice Beato ya mwaka 1860 inayolionyesha jengo likiwa bado wima juu ya ukuta. Ilipofika miaka ya 1920 lilikuwa limechakaa vibaya, na ukuta uliokuwa umelishikilia ulikuwa umeshauzwa matofali.

Hapo mwaka 1928 wale wale waliokuwa wamebomoa ukuta wakakaa kitako. Sakafu na nguzo za ndani zilikuwa za mbao. Walizitoa, wakaweka zege la nondo, ambalo wakati huo lilikuwa ufundi mpya mjini. Kuta wakaziacha. Hizo kuta si mchezo: ghorofa mbili za chini ni mawe mekundu ya mchanga, kuanzia ya tatu ni matofali, kuta za ubavuni chini kabisa zina unene wa karibu mita 4, na kwenye ghorofa ya tano zimepungua hadi karibu mita 1.6. Jengo lenyewe linapungua kadiri linavyopanda, upana wa zaidi ya mita 31 chini, kama 26 juu, na urefu wa mita 28 hivi. Kwa mhandisi hiyo ni furaha ya macho: uzito unashuka taratibu, kila ghorofa inaikalia ya chini yake kwa adabu. Waliobadilisha mbao kwa zege hawakuwa wakidanganya mtu. Waliacha kinachobeba, wakabadilisha kilichooza. Na Februari 1929, kabla ya mambo kupoa, walifungua humo makumbusho ya mji, ambayo yapo hadi leo.

Hicho kitendo cha mwisho ndicho kilicholiokoa jengo, kuliko hata nondo. Walilipa kazi. Jengo lenye kazi lina mtu anayefungua madirisha asubuhi, anayeona tone la maji likidondoka kutoka darini, anayelalamika. Kwetu tunalijua jambo hili bila kulijua: Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa jela ya Waingereza tangu 1895 hadi 1958, ikawa makumbusho mwaka 1962, na imesimama. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa jela mpaka miaka ya 1980. Ni aibu kidogo kusema, lakini askari jela wamehifadhi majengo mengi ya pwani kuliko kamati zetu.

Turudi kwa wenyeji wetu. Je, waliendelea kwa kubomoa? Tazameni Xi'an. Ukuta wake wa Ming upo, unazunguka mji wa kale kwa karibu kilomita 14, na nje yake kuna viwanda vya kila aina. Hakuna aliyeniambia bado kwamba ukuta umewazuia kutengeneza chochote. Nanjing imebakiza kilomita 25 hivi za ukuta wake. Beijing ndiyo iliyobomoa, na Beijing ndiyo inayojuta. Mwaka 1950 msanifu Liang Sicheng alipendekeza makao ya serikali yajengwe nje ya mji wa kale, akatetea pia ukuta uachwe, juu yake pafanywe bustani ya wananchi. Akashindwa. Ukuta ukaondolewa, sehemu kubwa kwa ajili ya njia ya treni ya chini. Leo Mchina aliyesoma ukimtajia jina la Liang anatikisa kichwa kwa huzuni. Hao ndio watu tunaoambiwa kwamba hawana habari na mambo ya kale.

Na hapa Guangzhou, nani asiyekumbuka Enning Lu? Mtaa ule wa vibaraza virefu kule Liwan ulipangiwa kubomolewa tangu miaka ya 2000, nyumba zikaanza kuanguka, wakazi wakakataa, wakaandika barua, vijana wa vyuo wakawasaidia kupima na kupiga picha. Mwaka 2016 sehemu yake ilifunguliwa tena ikiwa imekarabatiwa, na leo ndipo tunapowapeleka wageni wetu kula na kununua zawadi. Mnaweza kusema ukarabati ule umewafukuza wanyonge na kuleta maduka ya kahawa. Nitakubali, ni hoja nzito na ina mjadala wake. Lakini hakuna aliyesema nyumba zingeanguka wote tungekuwa na maendeleo zaidi. Mwaka 2013 Jengo la Ghorofa Tano, pamoja na kipande chake cha ukuta, liliwekwa chini ya ulinzi wa taifa. Kipande chenyewe ni kama kilomita moja na ushei tu. Mji uliokuwa na ukuta wote sasa unalinda mabaki kwa sheria, kwa kamera na kwa mlinzi.

Basi tuje kwetu, maana sikukaa kuandika ili niwasifie wenye nchi yao.

Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib iliporomoka Unguja. Jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lililonusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, ambayo iliangamiza kasri la jirani na mnara uliokuwa mbele yake. Baada ya vita ule mnara wa saa uliwekwa kwenye uso wa jumba lenyewe, na ndio tulioujua sote tukishuka bandarini. Ukaanguka nao. Mafundi wawili walikufa wakiwa kazini, na hao si kifusi. Jumba lilikuwa ndani ya Mji Mkongwe, uliomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Na si kwamba halikupiga kelele: sehemu yake iliporomoka mwaka 2012, likafungwa kwa umma. Miaka minane, waungwana. Jengo lililofungwa kando ya bahari kwa miaka minane si jengo linalosubiri ukarabati. Ni jengo linaloliwa.

Ninaweza kuwaeleza linaliwaje. Lile jumba lilichanganya kuta nene za mawe ya matumbawe na nguzo na mihimili ya chuma. Chuma kikishika kutu kinavimba. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Kwa hiyo mhimili ulioingia ukutani unaanza kuusukuma ukuta kutoka ndani, polepole, mwaka hadi mwaka, na upepo wa chumvi hauna likizo. Ufa unafunguka, mvua inaingia, kutu inaongezeka. Hakuna jini hapo, wala husuda. Ni hesabu, na dawa yake inaanza na kitu cha bei ndogo: paa lisilovuja na mtu wa kulikagua kila masika.

Najua wapo watakaosema hilo ni la serikali, na Serikali ya Zanzibar imeshatangaza kwamba jumba litajengwa upya. Sawa. Lakini wewe unayesoma hapa, mwenye nyumba ya urithi Mji wa Kale Mombasa, au Lamu, au Mji Mkongwe, au Pangani, au Bagamoyo, unafanya nini? Mimi nakuona kwenye ofisi za kutuma pesa. Unatuma ili nyumba ya babu "itengenezwe", na fundi wa huko, ambaye hajawahi kuchanganya chokaa maishani, anapiga plasta ya saruji ukuta mzima, anapaka rangi ya mafuta, anakutumia picha. Picha inapendeza. Na nyumba imeanza kufa siku hiyo.

Ukuta wa matumbawe unakunywa maji, kutoka chini na kutoka kwenye mvua, kisha unayatoa jasho kupitia chokaa. Ndiyo maana wazee walikuwa wakipaka chokaa tena na tena, hawakuwa wakifanya mapambo tu. Ukiufunga kwa saruji, maji yanabaki ndani. Chumvi inajikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma, unaona mabaka yanabanduka baada ya masika mawili matatu. Kibaya zaidi kinatendeka usipopaona: vichwa vya boriti, pale vilipochomekwa ukutani, vinalowa na kuoza. Boriti ya mkoko inaweza kukaa miaka mingi mno ikiwa kavu, lakini haiwezi kukaa kwenye kitambaa chenye maji. Halafu siku dari inashuka, ndugu wanapiga simu Guangzhou: "Nyumba imezeeka, tuiangushe tuweke ghorofa sita." Haikuzeeka. Iliuawa kwa pesa yako.

Lipo pingamizi la pesa, na silidharau. Nyumba za urithi zina warithi kumi na wawili, wanne hawasemezani, mmoja yuko Muscat na mmoja Toronto, na ghorofa la kupangisha linagawanyika vizuri kuliko baraza na mlango wa nakshi. Nyingine ni za wakfu na hakuna anayejua msimamizi ni nani. Ni kweli. Lakini tazama hesabu vizuri: unabomoa kuta ambazo zimeshajengwa, unalipa kuzisomba, kisha unanunua saruji na nondo kuanza upya katika uchochoro ambao hata toroli linapita kwa tabu. Nimewahi kuombwa kupiga hesabu za namna hiyo, na mara nyingi kutengeneza paa, kubadilisha boriti zilizooza na kurudisha chokaa kumetoka chini sana ya kujenga upya. Watu hawaniamini kwa sababu hawajamuuliza fundi mwingine zaidi ya yule anayeuza matofali.

Na lipo pingamizi la moyo, ambalo huletwa kwa sauti ya chini. Kwamba ukuta wa Wachina na mnara wao vinatuhusu nini, watu ambao Aprili 2020, wakati wa korona, wengi wetu walitolewa kwenye nyumba na hoteli za mji huu, wakalala nje na mabegi yao? Hapo sina jibu la kufurahisha. Yaliyotokea yalitokea, na mimi siombi mtu alipende Jengo la Ghorofa Tano kama shukrani. Nasema tu kwamba tukija hapa kujifunza, tujifunze lililopo. Tumejifunza kwao bei, vipimo, namna ya kupanga kontena lisibaki na upenyo. Hili nalo lipo, liko mwendo mfupi kutoka tunapokula, na tunalipita kila siku tukirudi nyumbani na somo ambalo wao wenyewe hawalifundishi.

Wao kwa upande wao hawajatupita. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking walikwenda Mambrui, kaskazini ya Malindi, wakachimba pamoja na wenzao wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na ikapatikana sarafu ya enzi ya Yongle, ndiye mfalme wa Zheng He. Walisafiri nusu ya dunia kutafuta ardhini kwetu kitu kidogo chenye tundu katikati. Kunduchi, pale nje kidogo ya Dar es Salaam, kuna makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Mengi yameng'olewa. Nani aliyeng'oa?

Kwa hiyo nina ombi moja kwa jumuiya yetu, na nimeshalitaja kwa mdomo kwa viongozi wetu, sasa naliandika. Ujumbe ujao kutoka nyumbani, wawe wabunge, mameya au maofisa wa mipango miji, tusiwapeleke Mnara wa Canton kwanza. Tuwapandishe Yuexiu, wasimame kwenye ghorofa ya tano, waguse ile zege ya 1928 na kuta za mawe zilizoibeba. Nitajitolea kuwatembeza mimi mwenyewe, na maji ya kunywa nitanunua. Kisha kabla hatujashuka, mmoja wetu amuulize mkuu wa msafara, mbele ya wenzake, ni jengo gani la kale katika mji wake lina paa linalovuja wakati huu, na lini alipanda darini kulitazama.